Muhogo wa Watu Wetu

Juzi mjukuu wangu mmoja, kijana mwema anayenihangaikia kuliko wazazi wake, aliniletea muhogo kutoka duka moja kubwa la mjini. Ulikuwa umeoshwa ukatakata, umekatwa ncha zote mbili, umefungwa kwenye nailoni. Nikaufungua, nikauweka puani, nikavuta pumzi. Hamna kitu. Haukunuka udongo, haukunuka utomvu, haukunuka hata mkono wa mtu. Nikamuuliza, "Muhogo huu wa nani?" Akanitazama kwa huruma, kama anayedhani bibi yake ameanza kupotewa na akili, akanijibu, "Wa dukani, Bibi."

Sikumlaumu. Yeye hakuzaliwa uani kwetu Mkoani, kisiwani Pemba, miaka ile ya siasa kabla ya uhuru, ambapo mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani mwenye mapengo ya meno, na nyumbani kwetu hakikuingia chakula kisichokuwa na jina la mtu. Samaki walikuwa wa Bwana Hamadi wa Makoongwe. Nazi zilikuwa za Mzee Shaali. Ndizi zilikuwa za shangazi mmoja ambaye hatukuwa na udugu naye wowote ila huo wa ndizi. Na muhogo ulikuwa wa Bi Mize. Bibi yangu Bi Kazija, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa jiko na wa majina hayo. Ukija na fungu la mchicha mkononi, kabla hajakuitikia salamu atakuuliza wa nani.

Nilivyolisikia jina hilo tangu kupata akili, mimi nilidhani mize ni aina ya muhogo. Siku moja nilialikwa kula kwa jirani, nikauliza kwa adabu zote kama ule ulikuwa muhogo mize au muhogo mwengine. Mwenye nyumba alicheka mpaka akajishika ukutani, na mtaa mzima ukaipata habari kabla ya magharibi. Kwa muda mrefu watu wazima walikuwa wakinisimamisha njiani wanataka kujua nimekula nini leo, mize au mwengine.

Mize mwenyewe alikuwa mwanamke wa Wambaa, mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyofika nyumbani kabla yake. Alikuja kila Alhamisi. Akipata gari la shamba hupanda, akikosa huja kwa miguu, na pakacha la muhogo kichwani likidondosha udongo njia nzima. Bibi alimkataza asiuoshe. Alitaka auone udongo bado mbichi, ajue umechimbwa asubuhi ile na si juzi. Bi Mize alitua pakacha uani, akaletewa kikombe cha chai na kipande cha mkate wa kumimina, kisha wakaanza mazungumzo yao ambayo mimi niliyapenda kuliko hadithi za majini.

Alizungumzia shamba lake kama watu wanavyozungumzia ukoo. Mgomba ulioanguka na bado ukazaa. Tuta lililokataa kabisa kutoa kitu mpaka alipoligombeza. Na tumbili. Tumbili walikuwa maadui zake wakubwa, lakini aliwataja kwa namna ambayo ungedhani ni mawifi zake. Ukingoni mwa shamba, upande wa msituni, alipanda mstari wa muhogo mchungu, ule usiolika mpaka ulowekwe na uanikwe, ili tumbili akija aanze na huo.

"Huchokoa mmoja," alisema, "hutafuna mara moja, hutema, hunitukana mie na wazee wangu, halafu hwenda zake."

"Na wewe wamjibu?" Bibi alimuuliza.

"Nisimjibu vipi? Mimi n'na adabu zangu, lakini si kwa tumbili."

Basi hapo wawili hao hucheka mpaka chai ikapoa. Mimi sikuwahi kufika Wambaa, na Bibi pia hakuwahi, lakini shamba lile tulilijua tuta kwa tuta.

Baba alikuwa fundi cherehani. Aliweka cherehani yake barazani kwetu, na nguo zote za watu wa nyumba ya Bi Mize, kanzu za mumewe Mzee Faki na magauni ya wajukuu, zilipita chini ya sindano ile. Sisi tulikula mkono wake na wao walivaa mkono wetu, na sijapata kumsikia mtu akihesabu nani kamzidi nani. Kila ikikaribia Sikukuu, Bi Mize alileta vitambaa mapema, navyo vikakaa kwenye rafu ya Baba vikingoja zamu yao.

Kuna jambo moja zaidi inafaa mlijue kabla sijaendelea. Bibi hakupika muhogo bila ya kuuonja. Alikuwa akikata kijipande cha ncha, kibichi hivyo hivyo, akakitafuna akiwa amefumba macho, ndipo akautia chunguni. Lakini mwezi wa Ramadhani hakuonja. Wapo waliosema ulimi kuonja na kutema si kitu, ila Bibi hakutaka kufanya mchezo na funga yake. Mwezi huo alipika kwa kumwamini aliyelima, na ulimi wa mtoto asiyefunga, basi. Ndiyo maana wanawake wa mtaani kwetu, kwa mambo ya futari, walikuwa wagumu kubadilisha mtu kuliko kubadilisha mume.

Sasa siasa. Wale wasioiona miaka ile hawawezi kuamini, na sisi tulioiona tunacheka na kuona haya kwa pamoja. Kila kitu kiligawika. Kulikuwa na duka la kwetu na duka la wale, gari la kwetu na gari la wale. Watu waliokuwa wakipeana moto wa kuwashia jiko walianza kupishana njiani kama wageni. Sisi watoto tuliligawa hata dimbwi la kuogelea, upande huu wetu na upande ule wao, ingawa maji yalikuwa yale yale na vyura hawakuwa na chama.

Baraza ya Baba ilikuwa ya watu wa chama chetu. Walikuja asubuhi kwa kisingizio cha kutia kifungo, wakaondoka adhuhuri. Aliyesikika zaidi ya wote ni Bwana Shaame, mtu mnene mwenye miwani, ambaye alikuwa akiijua siasa ya dunia nzima na hakuwa akijua kufunga mkanda wa viatu vyake. Mimi nilimpenda kwa sababu alinipa peremende. Baba alimwogopa, ingawa wakati ule jambo hilo sikulijua.

Alhamisi moja, mwanzoni mwa Shaabani, Bi Mize alifika na pakacha lake. Mlango wa mbele ulikuwa ukipitia barazani. Alitoa salamu, nayo ikaitikiwa kwa midomo mizito. Kisha Bwana Shaame akavua miwani yake, akaifuta.

"Fundi," alisema, "kumbe nyumba hii yala kwa wale?"

Jumapili iliyopita Mzee Faki alikuwa ameonekana kwenye mkutano wa wale, amekaa mstari wa mbele, tena anapiga makofi. Baba alikuwa na mkasi mkononi. Akautazama mkasi, akamtazama Bwana Shaame, akamtazama kila mtu isipokuwa Bi Mize.

"Bi Mize," akasema, "leo... muhogo tunao."

"Mnao?"

"Tunao."

Hatukuwa nao. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua kuwa jikoni hamna hata mzizi. Bi Mize alisimama kidogo, shingo yake ndefu imenyooka chini ya mzigo ule. Hakulitua pakacha. Aligeuka nalo hivyo hivyo, akashuka ngazi, akaenda zake, na mimi nikamchukia Baba kwa moyo wangu wote. Nilikimbilia uani kumwambia Bibi. Akatoka mpaka barazani na unga mikononi, lakini njia ilikuwa tupu.

Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao Wete kujifungua, na hivyo hapakuwa na mtu wa kuingia kati ya Baba na mama yake. Bibi hakupiga kelele. Alimwambia jambo moja tu, kwa sauti aliyoitumia kwa wageni. "Nyumba yako, amri yako. Lakini mwezi wa kufunga ndio huo waja, na muhogo utautafuta weye." Na kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi, alitengeneza chai ya watu wawili, akanywa yake, ya pili ikapoa na kumwagwa. Hofu yake ilikuwa moja na aliisema mbele yangu bila kuficha: kwamba Bi Mize angepata nyumba nyengine ya kwenda kukaa uani, na asingerudi tena kwetu maisha.

Ramadhani ikaandama. Mwaka ule nilikuwa nafunga kutwa kwa mara ya kwanza, na nilihakikisha hakuna kiumbe hai katika mji wa Mkoani asiyejua hilo. Nilimwambia hata paka.

Baba aliwaalika watu wa baraza kufuturu kwetu, nyumba kwa zamu kama ilivyokuwa desturi. Bwana Shaame ndiye aliyetafuta muhogo. Alipata mchuuzi, mtu wa kuaminika, wa chama, na Baba akaja nao nyumbani kwenye gunia, akautua mbele ya Bibi kwa furaha.

"Wa nani?" Bibi aliuliza.

"Wa watu wetu, Mama."

"Watu wetu wana majina, mwanangu."

Bibi akavuta kibao, akaanza kumenya, nami nikakaa pembeni yake kumsaidia. Ganda la ndani lilikuwa jekundu, zuri, kama ufizi wa mtoto mchanga. Sikuwa nimewahi kuona muhogo wa namna hiyo. Nikalikata vipande virefu, nikavikunja, nikajivisha pete vidole vyote, nikawa bibi harusi. Bibi macho yake yalikuwa yamepungua nuru na hakuona rangi wala pete. Alikata ncha ya muhogo, mkono ukaenda kinywani kwa mazoea, ukasimama hewani. Akanitazama mimi. Miaka ya nyuma, nilipokuwa bado sifungi, ndiye mimi niliyekuwa nikionjeshwa. Lakini mwaka huo alikuwa amenisikia nikijisifu kwa paka, na hakuwa na roho ya kunifunguza.

"Bismillahi," alisema, akautia chunguni na tui lake.

Adhana ilipolia walifungua kwa tende, wakasali, wakakaa kwenye mikeka. Palikuwa na uji, tambi, samaki wa kukaanga wa Bwana Hamadi, na katikati kombe kubwa la muhogo wa nazi, mweupe, unafuka moshi. Mimi nilikaa mlango wa ndani kuangalia, maana ilikuwa futari ya kwanza ambayo na mimi nilikuwa mtu wa kuhesabika.

Wa kwanza kutia tonge alikuwa Bwana Shaame. Alitafuna. Uso wake ulisimama. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na miwani ikaingia ukungu. Lakini huo ulikuwa muhogo wake, wa mtu wake, wa chama chake. Akameza.

"Mashaallah," alisema, na machozi yanamlengalenga. "Muhogo huu... una nguvu."

Basi ikawa mtihani. Kila mmoja akatia tonge, kila mmoja uso ukamgeuka, na kila mmoja akamtazama mwenzake kuona nani atathubutu kuutia kasoro muhogo wa watu wetu. Mmoja akasema una utamu wa mbali. Mwengine akasema hivi ndivyo muhogo wa asili ulivyokuwa zamani. Baba, masikini, alikula tonge la pili kwa kiapo, macho yakiwa yametoka.

Kulikuwa na maalim wetu wa chuoni, mzee asiyekuwa na chama ila cha Msahafu wake. Alitafuna, akaacha kutafuna, akatoa leso, akatema kwa utaratibu, akaikunja leso yake.

"Fundi," aliuliza, "muhogo huu mmeupata kwa nani?"

"Kwa watu wetu, Maalim."

"Basi warejesheeni watu wenu."

Hapo hapo Bibi, aliyekuwa ameshaonja chake jikoni, aliingia mbio bila hata kuvuta vizuri ukaya wake wa kichwani, akalichukua lile kombe mbele ya wanaume wazima. "Msile tena! Mchungu huu, utakutieni kizunguzungu!" Akaenda kuufukia nyuma ya choo. Wageni wakamaliza samaki na uji, wakashukuru haraka kuliko kawaida. Bwana Shaame aliondoka ameshika tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana la kusema.

Baba alibaki amekaa juu ya mkeka. Bibi akaja kukusanya vyombo.

"Kesho nakwenda Wambaa," alimwambia. "N'kifukuzwa nifukuzwe. Mimi si mtu wa kula kwa watu wasio na jina, umri wangu huu."

Asubuhi yake, baada ya Sala ya Alfajiri, niliamshwa na mlio wa cherehani, unakwenda mbio kama unaofukuzwa. Alikuwa ameviteremsha vitambaa vya Bi Mize kutoka kwenye rafu. Jua lilipopanda alikunja magauni ya wajukuu, akayafunga kwenye kitambaa safi, akafunga na mlango wa baraza, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa.

"Nitakupeleka, Mama," alisema. "Njia hiyo huijui."

"Na weye waijua?"

"Siijui."

Tukaenda watatu. Gari la shamba lilitushusha barabarani, tukaingia njia ya miguu, Bibi mbele. Na kitu cha ajabu, hakuuliza njia. Aliuona mgomba ulioanguka, akasema, "Ndio ule." Akaona mti, akaona kisima, akatuongoza kama mtu anayerudi kwao. Mimi nami nililitambua lile tuta lililogombezwa.

Karibu na nyumba, miguu yake ikapunguza mwendo. Aliniambia nimshike mkono. "Akininyamazia, usilie," alisema, na nikahisi kuwa hakuwa akiniambia mimi. Kisha akapaza sauti. "Hodi wenyewe!"

Kuku wakapita. Tulijua yumo, maana moshi ulikuwa unatoka uani na mchi ulikuwa ukitwanga mpaka aliposikia sauti ile. Bibi akapiga hodi tena. Ndipo Bi Mize akatokeza mlangoni, mikono imejaa pumba za mpunga.

"Bi Kazija? Ni weye? Kwa miguu yako hiyo?"

"Kwa miguu yangu hii hii. Miaka yote wanijia weye, leo n'kasema nikujie mie."

Sikumbuki nani alimwendea nani. Nakumbuka kanga mbili zimeshikana na pumba zimetapakaa mgongoni kwa Bibi. Walilia, wakagombezana kwa kulia hali wamefunga, wakalia tena.

Baba alikuwa amesimama juani na furushi lake. Bi Mize alipomgeukia, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimekosa, Bi Mize," Baba akasema.

"Umekosa," alikubali. "Siku ile pakacha halikuniuma shingo, fundi. Liliniuma roho. Nilitembea nalo mpaka hapa, na kila nilopishana naye kaniuliza, vipi leo, muhogo kaukataa nani? Nami sikukutaja jina. N'kasema soko baya."

Baba aliinamisha kichwa. Bi Mize akaelekeza kidole shambani. "Muhogo umo ardhini. Ukiutaka, ng'oa."

Msomaji wangu, Baba alikuwa fundi mkubwa. Alikuwa akikutazama mara moja tu, akajua mabega yako. Lakini muhogo hakuwahi kuung'oa. Alilishika shina kama anavyoshika kitambaa, kwa ncha za vidole, akalivuta kwa upole. Halikutikisika. Akavuta kwa hasira, shina likakatika, naye akaanguka chali tuta zima, futi yake ya kupimia ikamzunguka shingoni. Bi Mize alijaribu kujizuia. Akashindwa. Kicheko kile kilichokuwa kikifika nyumbani kwetu kabla yake kikajaa shamba lote, na nikajua kwamba Alhamisi zetu zimerudi.

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Mzee Faki ndani. Alitoka amevaa kanzu mpya, au niseme kanzu mpya ilitoka ikiwa na Mzee Faki kiasi. Mkono mmoja ulimfika kwenye kucha na mwengine uliishia kwenye kiwiko. Kumbe naye, baada ya siku ile, alisema hashoneshi tena kwa fundi wa wale, akapeleka kitambaa chake cha Sikukuu kwa fundi wa watu wao. Baba, bado ana udongo nywele nzima, aliinuka, akamzunguka, akaishika ile mikono miwili akailinganisha. Alikuwa na uchungu wa kweli usoni.

"Nani kakufanyia hivi, Mzee Faki?"

"Watu wetu," mzee alijibu, na aibu imemjaa.

Wakatazamana wanaume wawili hao. Sijui nani alianza kucheka. Baba alimvua kanzu pale pale kuichukua akaitengeneze, na hakuna aliyehama chama siku ile wala baadaye, nawahakikishieni.

Wakati tunajaza pakacha, Bi Mize alinishika mkono. Nilikuwa bado nimevaa pete zangu za jana, zimesinyaa, lakini wekundu upo.

"Pete hizi umezipata wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, za muhogo wa futari, ule mchungu. Alituongoza mpaka ukingoni mwa shamba, upande wa msituni. Mstari wote ule wa tumbili ulikuwa umechimbuliwa, mashimo matupu, na mizizi michache iliyoachwa ilikuwa imechubuka ikionesha ganda lake jekundu. Mbegu hiyo aliachiwa na mama yake, na hakumjua mtu mwengine aliyekuwa nayo Wambaa nzima.

"Mwizi kaja juzi," alisema. "N'kashangaa, kaacha muhogo mzuri wote, kachukua wa tumbili! N'kasema mwizi gani huyu, hajui hata kuiba?"

Bibi alikaa chini. Alikaa juu ya tuta, na saumu yake, na miguu yake mibovu, akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatetemeka. Baba alipoelewa, kwamba alimkataa Bi Mize mlangoni kisha akaenda kununua muhogo wa Bi Mize gizani, tena fungu la tumbili, alijipiga kofi kwenye paji la uso. Huyo mchuuzi wa watu wetu hatukumwona tena.

Tulirudi alasiri. Gari lilitushusha njia panda, na kutoka hapo kwenda kwetu kulikuwa na njia mbili. Moja ilipita nyuma, kwenye migomba, fupi, ikakutoa uani bila kuonwa na mtu. Nyengine ilipita mbele ya maduka na mbele ya baraza zote. Bi Mize alikuwa amemfumia Baba kata ya majani ya kutulizia mzigo, na Baba alikuwa amejitwisha pakacha kichwani kama mwanamke wa shamba, udongo ukimdondokea kwenye kola ya shati. Miguu ilikuwa ikiniuma. Nikamvuta kuelekea kwenye migomba.

"Leo twapita mbele," alisema.

Bibi alimtazama, akavuta kanga yake vizuri, akatembea ubavuni kwake. Tukapita. Watu waliokuwa wakicheza bao waliacha kucheza. Kwenye baraza yetu, mbele ya mlango uliofungwa, walikuwa wamekaa watu wake wa kila siku, wanamngoja fundi wao, na Bwana Shaame katikati, bado hajapona vizuri.

"Assalamu alaykum," Baba akasema. "Natoka Wambaa, kwa Bi Mize. Karibuni mfuturu jioni."

Wengine waliitikia. Wengine walisimama, wakakung'uta kanzu zao, wakaondoka, na wapo ambao hawakuleta tena kitambaa kwa Baba mpaka alipofariki. Jioni ile alikuja maalim, na baada yake, taratibu, akikohoa mlangoni, Bwana Shaame. Alikula muhogo wa nazi vibakuli sijui vingapi na hakutaja siasa hata mara moja. Miaka iliyofuata ilikuwa mizito kuliko ile, wala sitaki kuipaka rangi. Lakini Alhamisi Bi Mize alikuja, na baadhi ya Alhamisi sisi tulikwenda.

Kwa muda mrefu niliikumbuka safari ile kwa sababu ya Baba kuanguka chali. Ndicho kisa nilichowasimulia wanangu, nikiigiza na futi shingoni. Nilikuwa mtu mzima, mwenye nyumba yangu na majirani zangu wa kuwaogopa, ndipo siku moja nikakikumbuka kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisimulia. Tulipokuwa tunapita mbele ya zile baraza nilikuwa nimeshika mkono wa Baba, ule uliokuwa huru. Ulikuwa umelowa jasho na ulikuwa unatetemeka. Nilimwonea huruma, nikamwambia atue apumzike, muhogo mzito. Akanibana vidole, hakutua.

Muhogo haukuwa mzito. Baba alikuwa na hofu, na njia ya migombani alikuwa akiijua.